Kura 53 za Tanga

Mwaka 1958, katika uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, mgombea mmoja alisimama katika Jimbo la Tanga akapata kura 53. Mpinzani wake, John Keto, aliyeungwa mkono na TANU, alipata kura 3,455. Hebu zirudie namba hizo polepole. Hapa chuoni mtu anaweza kupata kura 53 kwa chumba chake, vyumba vya jirani na watu wa timu yake ya mpira. Yule bwana alizipata katika jimbo zima, kuanzia Pangani mpaka Lushoto, kuanzia bandarini mpaka Handeni.

Jina lake Zuberi Mtemvu. Wengi wetu tumekutana naye mara moja tu, kwenye somo la Historia kidato cha nne, katika mstari mmoja unaosema kwamba alitoka TANU akaanzisha chama cha ANC. Ukishajibu swali la mtihani unamsahau. Mimi nilikulia Ngamiani, Tanga, mahali ambapo alizipata hizo kura zake chache, na sikuwahi kumsikia mzee yeyote akimtaja. Nimemsoma hapa chuoni, maktaba, wakati nilitakiwa nisome kitu kingine kabisa. Toka hapo sijamwacha.

Tuanze alikotoka, kwa sababu aliyeshindwa vibaya hivi unaweza ukadhani alikuwa mtu wa pembeni. Hapana. TANU ilipozaliwa Saba Saba ya 1954, Mtemvu alikuwa miongoni mwa vijana waliofanya kazi ya chama katika miaka ile ya mwanzo kabisa, kazi ya ofisi na ya kuhamasisha watu wajiunge. Alikuwa ndani ya nyumba. Watu waliokuja kumpinga baadaye walikuwa wenzake waliokula naye chungu kimoja.

Kilichomtoa ni kitu kilichoitwa kura tatu, na hapa inabidi twende taratibu, maana bila kuuelewa mpango huu huwezi kumwelewa Mtemvu wala hizo kura 53.

Serikali ya Gavana Twining ilikubali kuwe na uchaguzi, lakini kwa masharti yake. Nchi iligawanywa majimbo 10 ya uchaguzi, na kila jimbo lilitoa wajumbe watatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8, Waasia na Wazungu kwa pamoja walikuwa sehemu ndogo sana ya watu wote, lakini viti vilikuwa sawa. Tena kila mpiga kura alilazimika kuwachagua wote watatu. Ukimpigia Mwafrika peke yake ukaacha nafasi nyingine wazi, karatasi yako imeharibika.

Halafu si kila mtu aliruhusiwa kupiga kura. Ilibidi uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000 za wakati ule, au uwe umesoma mpaka darasa la nane, au uwe na cheo fulani kinachotambuliwa. Nchi nzima waliojiandikisha hawakufika 60,000.

Sasa iweke hesabu hiyo Tanga. Jimbo lile liliishi kwa mkonge. Mashamba yalitapakaa Muheza, Korogwe, Pangani, na reli ya kuteremsha marobota bandarini ilikuwa ndiyo mshipa wa mji. Waliokata mkonge wengi walikuwa manamba, watu walioletwa kwa mkataba kutoka Kigoma, Kusini na hata nje ya mipaka. Walilipwa kwa kipande, kadi inayojazwa siku kwa siku mpaka zitimie siku 30 za kazi. Shilingi 3,000 kwa mwaka ni shilingi 250 kwa mwezi, na mkata mkonge wa kipande hakuzikaribia. Darasa la nane nalo kwa mtu wa namna ile lilikuwa ndoto. Kwa hiyo watu waliobeba uchumi wa Jimbo la Tanga mgongoni, siku ya uchaguzi walikuwa shambani. Waliopiga kura walikuwa walimu, makarani, wenye maduka, wenye vyeo, na Wazungu na Waasia waliotimiza masharti kirahisi zaidi.

TANU ilikutana Tabora mwezi Januari 1958 kuamua: tuingie kwenye uchaguzi huu au tuususie? Hasira ilikuwa kubwa. Kuingia kulimaanisha kukubali, hata kama ni kwa muda, kwamba kura lazima igawanywe kwa rangi. Kususia kulimaanisha kukiachia viti vyote chama cha UTP, kilichokuwa kimeanzishwa mwaka 1956 kwa baraka za Gavana. Nyerere alisimama upande wa kuingia. Hoja yake ilikuwa ya mtu anayejua kucheza bao: TANU ikiunga mkono mgombea wa kila rangi anayekubaliana nayo, mtego uliotegwa na serikali unamnasa aliyeutega. Mkutano ukamkubalia. Vitabu vinauita Uamuzi wa Busara.

Mtemvu hakuuona kuwa wa busara. Aliona chama kimeanza kuuza msimamo wake kidogo kidogo. Akatoka, na mwaka huohuo akaanzisha African National Congress, chama chenye jina sawa na kile cha Afrika Kusini. Msimamo wake ulikuwa mfupi: Tanganyika ni ya Waafrika, basi. Hakutaka mseto wa rangi wala subira.

Hapo ndipo mambo yanapokuwa magumu kwake, na ndipo mimi ninapoanza kumpenda bila kukubaliana naye. Mtu aliyekataa kura tatu alisimama kugombea katika uchaguzi wa kura tatu. Maana yake ni kwamba mtu wa Korogwe aliyekubaliana na Mtemvu kwamba Waasia na Wazungu hawana haki ya kukaa kwenye Baraza lile, ili kura yake ihesabike alipaswa kwanza aweke alama kwa Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Kila kura kati ya zile 53 ilibeba ndani yake kitu ambacho mgombea wake alikipinga. Na watu ambao maneno yake makali yangewaingia moyoni, wale wa kipande, walizuiwa mlangoni na zile shilingi 3,000.

Upande wa pili nao ulikuwa na kichekesho chake. TANU iliyowaunga mkono wagombea wa Kiasia na Kizungu haikuwa imewafungulia mlango wa uanachama. Uanachama wa TANU wakati ule ulikuwa wa Waafrika peke yao. Yaani mtu alikuwa mgombea anayebebwa na chama ambacho yeye mwenyewe haruhusiwi kukata kadi yake. Ukiangalia kwa jicho la Mtemvu, unaona kwa nini alidhani wenzake wanajichanganya.

Kura za Tanga na majimbo mengine ya awamu ya kwanza zilipigwa Septemba 1958. Wagombea waliokuwa na baraka za TANU walishinda kote. Nyerere mwenyewe alishinda Jimbo la Mashariki dhidi ya Patrick Kunambi, wiki chache tu baada ya kuhukumiwa na mahakama kwa kesi ya kuwakashifu maofisa wa serikali na kulipa faini. Awamu ya pili ilifuata Februari 1959, na kufikia hapo upinzani ulikuwa umekwisha pumzi; viti vingi havikushindaniwa kabisa. UTP ikafa kifo cha kimya.

Kwa hiyo nani alikuwa sahihi pale Tabora? Kwa kipimo cha matokeo, Nyerere, tena kwa mbali. Mtego ulimnasa aliyeutega kama alivyosema. Wajumbe wa Kiasia na Kizungu walioingia kwa msaada wa TANU walisimama pamoja na wenzao wa Kiafrika kudai serikali ya madaraka, na Waingereza wakakosa kisingizio. Uhuru wa 1961 ulikuja haraka kuliko serikali yenyewe ilivyopanga. Simwandiki Mtemvu ili nimpe ushindi ambao hakuupata.

Ninamwandika kwa sababu hakuondoka uwanjani. Uchaguzi mkuu wa Agosti 1960 ulikuwa na masharti nafuu zaidi, na waliojiandikisha waliongezeka mara nyingi. Kati ya viti 71, viti 58 vilipita bila kupingwa. TANU ilichukua 70, na kile kimoja kilichobaki kilikwenda kwa mtu wa Mbulu aliyekuwa mwana-TANU lakini hakuwa mgombea rasmi wa chama. ANC ilisimamisha wagombea wachache, na kura zake zote kwa pamoja hazikufika 400. Chama kingine kingefunga ofisi na kurudisha funguo kwa mwenye nyumba. Chama cha Mtemvu hakikufunga.

Halafu likatokea jambo ambalo ningependa kila anayedharau mgombea wa kura 53 alitafakari. Oktoba 1961, miezi miwili kabla ya Uhuru, Bunge lilijadili muswada wa uraia. Serikali ya Nyerere ilitaka uraia usiangalie rangi: atakayekidhi masharti ya kuzaliwa, au kuomba, awe Mwafrika, Mhindi au Mzungu, ni raia sawa na mwenzake. Wabunge kadhaa walisimama kupinga. Walitaka uraia uwe wa Waafrika kwanza, wengine wasubiri au wasipewe. Wabunge hao walikuwa wa TANU. ANC haikuwa na kiti hata kimoja mle ndani, lakini hoja yake ilikuwa imekaa kwenye viti vya chama kilichoishinda. Nyerere alilazimika kutishia kwamba serikali yake itajiuzulu kama muswada hautapita. Ukapita.

Januari 1962 Nyerere aliacha uwaziri mkuu akamwachia Rashidi Kawawa, akaenda kukijenga chama, na serikali ya Kawawa ikaharakisha kuwapa Waafrika nafasi zilizoshikwa na wageni serikalini. Kwa hiyo ile hasira aliyoibeba Mtemvu ilikuwepo nchini, na watu waliokuwa nayo walikuwa wengi kuliko kura zake. Wengi waliona ni salama zaidi kuibeba wakiwa ndani ya chama kikubwa.

Novemba 1962 nchi ilichagua Rais wake wa kwanza, na safari hii watu wazima wote waliruhusiwa kupiga kura. Hakukuwa na sharti la pauni wala darasa la nane, na ile kura tatu ilikuwa imekwenda na wenyewe. Kisingizio chochote ambacho Mtemvu angekuwa nacho mwaka 1958 kilikuwa kimeondolewa. Alisimama peke yake dhidi ya Mwalimu. Nyerere alipata kura zaidi ya 1,127,000. Mtemvu alipata 21,276, ambazo hazifiki asilimia 2.

Kwa hiyo tusimfanye shujaa aliyeibiwa. Mkata mkonge alipopewa karatasi ya kura hatimaye, nchi kwa jumla ilimkataa Mtemvu. Lakini zitazame zile 21,276 kwa upande mwingine. Ni watu 21,276 waliokwenda kituoni siku ambayo kila mtu alijua nani atashinda, wakaweka alama kwa mwingine, wakarudi nyumbani. Kama angejitoa, watu hao wasingehesabiwa mahali popote. Tungesoma leo kwamba Watanganyika wote walikuwa na wazo moja, na tungekuwa tumesoma uongo.

Baada ya hapo mlango ulianza kufungwa. Mwanzoni mwa 1963 TANU iliamua kwamba nchi ielekee mfumo wa chama kimoja, na mwaka huohuo ikawafungulia uanachama watu wa rangi zote. Mtemvu naye alirudi TANU mwaka huo. Fikiria hapo: aliyetoka kwa sababu chama kinawakumbatia Waasia na Wazungu, alirudi pale chama kilipoanza kuwapa kadi. ANC ikaisha. Katiba ya 1965 ikaufanya mfumo wa chama kimoja kuwa sheria, na vyama vingi havikurudi mpaka 1992.

Sasa nije kwenye deni langu mimi. Babu wa mama yangu alikuwa Mshihiri. Alikuja Tanga kwa jahazi, akauza kahawa kwa dele, akaoa mwanamke wa Kidigo, akazikwa hapohapo Tanga. Kwa siasa za Mtemvu, mzee yule angebaki mgeni mpaka kufa, na watoto wake labda wangekuwa wageni nusu. Mji wangu wote ungekuwa na shida hiyo. Ukipita zile barabara zetu za namba utakutana na majina ya Kisambaa, Kibondei, Kizigua, Kihindi, Kishihiri na Kingazija katika mtaa mmoja. Kama ningekuwa na miaka 21 na darasa la nane mwaka 1958, ningempigia Keto, tena mapema asubuhi.

Lakini ningetaka Mtemvu awepo kwenye karatasi. Ninajua inasikika kama maneno ya mtu anayetaka kupendwa na pande zote mbili, basi nieleze. Mzee wangu hakulindwa na ukimya. Alilindwa na hoja iliyosemwa wazi, ikapingwa wazi, ikahesabiwa, ikashindwa kwa 3,455 dhidi ya 53. Ushindi wa namna hiyo una uzito. Sasa linganisha na Oktoba 1961: hoja ileile, ikiwa imejificha ndani ya chama kimoja kikubwa, ilikaribia kuiangusha serikali. Wazo baya lenye mgombea wake tunalijua sura na tunaweza kulipigia kura ya kulikataa. Likikosa mgombea linahamia kwa washindi na kukaa humo bila jina.

Jamani, tuangalie na huku kwetu. Muhula uliopita kwenye kitivo chetu kiti cha ubunge wa serikali ya wanafunzi kilikuwa na mgombea mmoja. Dada mmoja wa mwaka wa pili alikuwa amechukua fomu. Alikuwa na jambo la kusema kuhusu boom kuchelewa na jinsi wanaokaa nje ya chuo wanavyosahaulika. Hakuna aliyemtisha wala kumhonga. Marafiki zake tu, kwa upendo kabisa, walimwambia atapata kura za chumbani kwake na kuaibika. Akarudisha fomu tupu. Yule mwingine akapita bila kupingwa, tukampigia makofi, na suala la wanaokaa nje ya chuo halikutajwa na mtu mpaka tunafunga muhula. Mpaka leo hatujui wangapi walilitaka. Huenda ni 53, huenda ni nusu ya kitivo.

Tumejifunza kuogopa namba ndogo. Tunamcheka aliyeshindwa kuliko tunavyomhoji aliyeshinda. Mgombea akipata kura chache tunamtungia jina la utani linalomfuata mpaka siku ya mahafali. Mtemvu alipata namba ndogo kuliko zote tunazozijua, mbele ya nchi nzima, na miaka minne baadaye akaenda tena kuchukua fomu, safari hii ya kugombea na mtu aliyependwa kuliko wote Tanganyika. Unaweza kulikataa wazo lake, kama ninavyolikataa mimi, na bado ukajifunza kwake namna ya kusimama.

Amekwishatangulia mbele ya haki. Nyumbani Tanga barabara zetu zinahesabiwa kwa namba, moja mpaka ishirini na kitu, na hakuna hata moja niliyosikia ikisimuliwa kwa habari zake. Mashamba mengi ya mkonge yamegeuka pori, mengine yamegawiwa. Wale watu 53 hatuwajui majina. Tunachojua ni kwamba kila mmoja wao aliingia kwenye kituo cha kura akijua yuko karibu peke yake, akaweka alama tatu, mbili kati ya hizo huenda kwa kinyongo, ili moja ihesabike.

Fomu za uchaguzi wetu zitatoka mwezi ujao. Kama una jambo la kusema na unadhani utapata kura za chumbani kwako tu, nenda kachukue. Sikuahidi kura yangu, maana sijalisikia jambo lenyewe. Ninakuahidi kwamba nitakuja kwenye kampeni yako kukusikiliza, hata tukiwa wawili.